Kumtengenezea Rafiki Gitaa la Umeme

Huko Mountain View, kando ya Waiyaki Way, magharibi ya jiji la Nairobi, na kwa majirani zake wa Kangemi, si shida kumpata mtu ajuaye kupiga gitaa. Wako vijana wa kwaya, wako wapigaji wa benga, na wako makarani ambao kazi ya mchana ikiisha hupenda kupapasa nyuzi mpaka chakula kiive. Shida ni gitaa lenyewe. Mtu mmoja huwa nalo, na wengine watano hulitazamia. Anayelihitaji kwa arusi ya Jumamosi huliazima Ijumaa, naye hulirudisha Jumapili akiomba radhi kwa uzi uliokatika.

Kwa asiyepiga muziki jambo hili laonekana dogo. Mpigaji mwenyewe anaujua uzito wake, kwa maana katika Afrika ya Mashariki, tangu bendi za dansi zilipoanza, mwenye ala ndiye mwenye bendi. NUTA Jazz ya Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka wa 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na wapigaji wake walikuwa waajiriwa. Mlimani Park, iliyoanza mwaka wa 1978, ilikuwa kwanza chini ya kampuni ya usafiri na teksi, kisha ikahamia mikononi mwa shirika la maendeleo la jiji. Utaratibu huo ulikuwa na mema yake, kwani mpigaji alipokea mshahara kama karani mwingine yeyote. Lakini mwaka wa 1985 tajiri Hugo Kisima aliivunja Orchestra Safari Sound, iliyokuwa mali yake, akaunda bendi nyingine kwa kuwavuta wapigaji sita wa Mlimani Park. Neno la mtu mmoja lilitosha. Mpigaji asiye na gitaa lake, bendi ikivunjwa, hurudi nyumbani na vidole vyake tu.

Fundi seremala aliye na rafiki mpigaji anaweza kulifungua fundo hilo. Kutengeneza gitaa la umeme si muujiza, wala hakuhitaji kiwanda. Kunahitaji mbao iliyokauka, hesabu isiyo na kosa, subira ya miezi kadhaa, na maarifa kiasi ya umeme. Mengi katika mengine yapatikana Nairobi kwa mtu asiyeona haya kuuliza.

Wala desturi ya ala kutengenezwa na mtu ajulikanaye si ngeni. Nyatiti ya Wajaluo yenye nyuzi nane, litungu la Wabukusu na obokano ya Wakisii hazikuletwa na meli. Zilichongwa na fundi wa karibu kwa ajili ya mpigaji aliyemfahamu kwa jina na kwa ukoo. Gitaa ndilo lililofika likiwa limekwisha kutengenezwa, na watoto walioliona dukani bila kuwa na fedha walijitengenezea la debe, nyuzi zake zikiwa ni waya zilizofumuliwa kutoka breki za baiskeli. Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka wa 1952 huko Jadotville, mji uitwao sasa Likasi, alilipiga gitaa la mbao tupu lisilo na umeme. Na alipokuja kukaa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950 vijana wengi wa Kenya walitega sikio wajue jinsi kidole gumba na kidole cha shahada vinavyogawana kazi. George Mukabi, aliyefariki mwaka wa 1963, aliupiga mtindo wake wa omutibo huku chupa ya soda ikigongwa kando yake. Fundi Konde, mzaliwa wa pwani mwaka wa 1924, hutajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Kisha ikaja benga, na gitaa la umeme likatwaa kazi ya nyatiti: nyuzi nyembamba zikasemezana juu kabisa ya shingo, kwa haraka, na watu wakainuka kucheza. Mtu atakayemtengenezea mpigaji wa benga gitaa na asikumbuke jambo hilo la juu ya shingo atakuwa amefanya kazi bure.

Jambo la kupendeza ni kwamba gitaa la umeme lenyewe, katika ujana wake huko Marekani, lilisukumwa mbele na fundi aliyekuwa akimtendea rafiki wema. Paul Bigsby, aliyezaliwa mwaka wa 1899, alikuwa mkazi wa Downey karibu na Los Angeles. Kazi yake ilikuwa kuchonga vielelezo vya mbao ambavyo kwavyo vyuma huyeyushwa na kumiminwa, na mapenzi yake yalikuwa pikipiki. Merle Travis, mtoto wa mchimba makaa ya mawe wa Kentucky, alikuwa mpigaji gitaa mwenye sifa, naye pia alipenda pikipiki. Basi wakafahamiana. Travis alikuwa na kifaa cha kutikisia nyuzi kilichokuwa kikiharibu sauti ya gitaa lake. Bigsby akakishughulikia, hata mwisho akamtengenezea kingine kilicho bora. Ndipo Travis akachora kwenye karatasi gitaa alilokuwa akiliona kichwani mwake tu: jembamba, la mbao nzima isiyo na tumbo tupu kama la gitaa la kawaida, na vigingi vyote sita vya kukazia nyuzi vikiwa upande mmoja ili mkono usihangaike. Bigsby akalitengeneza mwaka wa 1948.

Gitaa hilo lipo hata leo katika jumba la makumbusho ya muziki huko Nashville. Miaka miwili baada yake, mwaka wa 1950, Leo Fender wa Fullerton, mji ulio jirani, alianza kuuza magitaa ya mbao nzima, na baadaye vichwa vya magitaa yake vikafanana mno na kile alichokichonga Bigsby. Nani alimwiga nani ni mabishano ambayo mashabiki hawajayamaliza, na huenda wasiyamalize. Yafaa zaidi kutazama namna kazi yenyewe ilivyoanza. Bigsby hakuanza na msumeno. Alianza kwa kumsikiliza rafiki yake akieleza ni nini kinachomuudhi.

Fundi wa Nairobi naye na aanze hapo. Amketishe rafiki yake kwenye kiti kisicho na mikono, ampe gitaa lolote la kuazima, amtazame. Je, hulipiga ameketi au amesimama? Kanisani ibada huweza kuchukua saa tatu, na gitaa la kilo tano lililoning'inia begani muda wote huo ni adhabu. Kilo tatu na nusu ni uzito wa kufaa. Je, hutumia mkono wa kushoto? Wengi wa hao wamejilazimisha kwa mkono wa kulia kwa sababu tu duka halikuwa na gitaa lao, na kwa fundi kuligeuza umbo hakuna gharama yoyote. Apime upana wa kiganja na urefu wa kidole kidogo. Amwulize anapiga wapi: mpigaji ambaye kila mwezi husafiri na bendi kwenda Mombasa hulitoa gitaa lake katika hewa ya Nairobi iliyo juu mita 1,700 na zaidi, na kulitumbukiza katika joto na unyevu wa bahari, na mbao haisahau safari ya namna hiyo. Mpigaji wa gitaa la kati anahitaji shingo imara na sauti nene. Mpigaji wa solo la benga anahitaji bega la gitaa likatwe ndani sana, mkono ufike freti za mwisho pasipo kupinda kifundo.

Kisha mbao. Saipresi, ambayo watu wengi huiita mkrismasi, ndiyo iliyojaa katika yadi za mbao, lakini ni laini, nayo ifae paa kuliko shingo ya gitaa. Mvule ni mwema: haupindi ovyo, hauliwi upesi na wadudu, na rangi yake hupendeza ikipakwa vanishi. Kasoro zake ni uzito na vumbi. Kwa uzito, fundi huchimba vyumba ndani ya kiwiliwili, mahali pasipopita nyuzi, kisha huvifunika kwa ubao mwembamba. Kwa vumbi, afunge kitambaa puani na mdomoni, kwani vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua, na mtu hapaswi kumpa rafiki zawadi akapata pumu. Meru oki na mkangazi, ambao wengi huuita mahogani, hufaa vilevile. Kwa ubao wa juu ya shingo, pale vidole vinapokanyaga, hakuna mti upitao mpingo, ulio mzito hata huzama majini. Mwenye kipande cha mpingo kilichosalia katika kazi ya kuchonga vinyago na akitunze. Tangu mwaka wa 2017 biashara ya mpingo kati ya nchi na nchi imewekewa masharti, ingawa mwaka wa 2019 ala za muziki zilizokwisha tengenezwa ziliondolewa katika masharti hayo.

Mbao bora kuliko zote, hata hivyo, mara nyingi haiko yadini. Imo katika mlango wa zamani, meza iliyovunjika mguu, au kitanda cha babu. Mbao ya namna hiyo imekauka kwa miaka hamsini na imekwisha kupinda kadiri ilivyotaka kupinda. Mwenye shaka na amkumbuke Brian May wa Uingereza. Mwezi wa Agosti 1963, akiwa na umri wa miaka 16 na hana fedha za kununua gitaa la dukani, alianza kutengeneza lake pamoja na baba yake Harold, aliyekuwa mjuzi wa mitambo ya umeme. Shingo waliikata katika ubao wa juu ya meko kuukuu; mashimo ya wadudu wakayaziba kwa njiti za kibiriti. Sehemu ya kiwiliwili ilitoka katika meza ya mwaloni. Springi za kifaa cha kutikisia nyuzi zilitoka katika injini ya pikipiki. Kazi ikawachukua karibu miaka miwili. May akaja kuwa mpigaji wa bendi ya Queen pamoja na mwimbaji Freddie Mercury, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara na mahali alipozaliwa ni Unguja, mwaka wa 1946. Mwaka wa 2002 May alisimama juu ya paa la jumba la kifalme mjini London akapiga gitaa lile lile la ubao wa meko.

Mbao mpya, kwa upande wake, hujaribiwa kwa mizani. Mkulima ajuaye kwamba Bodi ya Nafaka haipokei mahindi yenye unyevu uzidio asilimia 13.5 ataelewa mara moja. Mbao ya gitaa hutakiwa kuwa kavu kuliko hata mahindi hayo. Fundi huiweka juu ya dari au mahali penye hewa, huipima kila juma na kuandika uzito wake. Itakapopita majuma manne pasipo uzito kupungua, imetulia. Anayeharakisha huona ubao umejikunja kama karatasi kabla ya Krismasi.

Shingo ndiyo roho ya kazi. Nyuzi sita za chuma zikikazwa kwa sauti yake ya kawaida huvuta kwa nguvu ya kilo 46 hivi, yaani pungufu kidogo ya mfuko mmoja wa saruji, nazo huvuta usiku na mchana kwa miaka. Kwa hiyo shingo haikatwi katika kipande kimoja cha bahati nasibu. Afadhali vipande vitatu vyembamba vilivyogundishwa pamoja, mishipa ya kile cha katikati ikielekea upande mwingine, ili kimoja kikitaka kupinda vingine vikizuie. Ndani yake huchimbwa mfereji na kutiwa ufito wa chuma wenye hesi na nati mwishoni. Ukikazwa, huivuta shingo kurudi nyuma dhidi ya nguvu ya nyuzi. Hila hiyo ilibuniwa na Thaddeus McHugh, mfanyakazi wa kampuni ya Gibson, na kupewa hataza mwaka wa 1923, na mpaka leo fundi mwenye akili hatengenezi shingo bila ya kuitia.

Sasa hesabu. Hapa ndipo karani huweza kumsaidia seremala, na wengi walioanza gitaa kwa shangwe wamekomea hapa.

Freti ni vile vipande vya chuma vinavyokata shingo. Mahali pa kila kimoja hapakisiwi. Tuseme urefu wa uzi, kutoka kidaraja cha juu cha mfupa hata daraja la chini, ni milimita 648, kipimo kinachotumika katika magitaa mengi. Gawanya 648 kwa 17.817, utapata 36.37: hapo ndipo penye freti ya kwanza. Toa 36.37 katika 648, zabaki 611.63. Gawanya tena kwa 17.817, utapata 34.33, na freti ya pili ikae milimita 70.70 kutoka juu. Ya tatu itakuwa 103.10. Endelea hivyo hivyo. Freti ya 12 lazima iangukie milimita 324 kamili, yaani nusu ya uzi. Isipoangukia hapo kuna kosa mahali fulani na hesabu irudiwe.

Mafundi wa kale walikuwa wakigawanya kwa 18 kwa sababu ni rahisi kichwani. Tofauti ya 17.817 na 18 yaonekana si kitu, lakini katika freti ya 12 humwacha mtu nyuma kwa zaidi ya milimita mbili, na gitaa hilo halitapatana na kinanda wala na gitaa lingine hata lirekebishwe vipi. Kosa la pili ni kupima kila freti kutoka kwa ile iliyoitangulia. Unene wa penseli huongezeka mara ishirini ukawa pengo. Vipimo vyote na vichukuliwe kutoka kidaraja cha juu, kwa rula moja ya chuma, isiyosogezwa. Katika sehemu nyingine zote za gitaa kosa hufichwa kwa gundi, unga wa mbao na vanishi. Kosa la freti husikika, nalo husikika mbele ya watu, na anayeaibika si fundi bali ni rafiki yake. Kwa hiyo wengi huzipasua freti kwanza katika ubao wa takataka, huufungia uzi mmoja, husikiliza, ndipo huugusa mpingo.

Waya wa freti, vigingi na nyuzi ni vitu vya kununua. Wapo mafundi hodari wa Kamukunji na Gikomba wawezao kufua karibu chochote, lakini kigingi kinachoteleza humharibia mpigaji usiku mzima, na akiba ya shilingi chache haiwi akiba tena.

Kinachofanya gitaa liwe la umeme ni kinasa mtetemo, ambacho wapigaji hukiita pikapu, ijapokuwa hakibebi mzigo. Kazi yake si ngumu kuifahamu. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku huitikisa nguvu ya sumaku hiyo, na mtikiso huo huamsha umeme mdogo sana ndani ya waya, kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka wa 1831. Umeme huo husafiri kwa kamba mpaka kwenye amplifaya, nayo huukuza. Ndiyo sababu gitaa la umeme halikubali nyuzi za nailoni: sumaku haizioni.

Waya wenyewe una unene wa milimita 0.063, mwembamba kama unywele, na umepakwa rangi ya kuzuia umeme usiruke kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine. Kinasa kimoja huhitaji mizunguko ipatayo 8,000, na waya wake ukinyoshwa hufikia kilometa moja hivi. Hakuna mtu wa kuzungusha hayo kwa vidole. Wako wanaotumia gurudumu la cherehani. Wengine hutumia keekee ya mkono: ikiwa zungusho moja la mpini hugeuza kichwa mara nne, basi mizungusho 2,000 hutosha, na mtoto mwenye daftari huweza kuchora mstari kila ifikapo mia. Waya uvutwe kwa upole baina ya vidole viwili vyenye kitambaa. Ukivutwa sana hukatika, na ukikatika katika mzunguko wa 7,000 hakuna njia ila kulehemu kwa uangalifu mkubwa au kuanza upya. Wengi huanza upya.

Sumaku ya spika kuukuu huwavutia wanaotaka kuokoa fedha, lakini ni ya duara na hupasuka kama kigae ikiguswa na msumeno. Afadhali sumaku bapa ndogo iwekwe chini, na skrubu sita za chuma zipite katikati ya koili ziguse sumaku hiyo. Kila skrubu isimame chini ya uzi wake. Vifaa vingine, yaani vidhibiti viwili vya kuzungusha, kimoja cha ukubwa wa sauti na kingine cha ukali wake, kapasita moja na tundu la kuchomekea kamba, hupatikana katika maduka ya vifaa vya umeme ya Luthuli Avenue.

Gitaa likichomekwa mara ya kwanza, fundi husikia mvumo kama wa nyuki. Asishtuke. Umeme wa Kenya hugeuka mara 50 kila sekunde, na kinasa chenye koili moja huusikia katika kila waya na kila taa ya nyumba. Dawa ya kwanza ni kulifunika shimo la vifaa kwa karatasi ya shaba iliyounganishwa na upande wa ardhi. Dawa ya pili ni ile aliyoibuni Seth Lover wa kampuni ya Gibson mwaka wa 1955: koili mbili pamoja, zilizozungushwa na kupewa sumaku kinyume moja na nyingine, hata mvumo wa hii unaua mvumo wa ile na sauti ya nyuzi inabaki. Koili mbili ni kazi mara mbili, lakini kwa mpigaji wa ukumbi wenye taa nyingi ni kazi yenye faida.

Lipo jambo moja ambalo halina mzaha. Nyuzi za gitaa huunganishwa na waya wa ardhi, na mikono ya rafiki itakuwa juu ya nyuzi hizo. Ikiwa amplifaya ina hitilafu, au mtu fulani ameukata waya wa ardhi katika plagi yenye meno matatu ili kuondoa mvumo, umeme wa volti 240 huweza kutafuta njia yake kupitia kifuani mwa mpigaji. Tarehe 3 Mei 1972, huko Swansea katika nchi ya Wales, Les Harvey, mpigaji wa bendi ya Stone the Crows, aligusa kipaza sauti kisichokuwa na waya wa ardhi huku ameshika gitaa lake, akafa. Fundi wa gitaa na aikague amplifaya ya rafiki yake kabla ya kumkabidhi chochote, na waya wa ardhi usikatwe kwa sababu yoyote. Mvumo ni afadhali. Na katika mikutano ya hadhara, mahali ambapo umeme huvutwa kwa nyaya ndefu juu ya majani yenye umande, mwenye busara hupima kwanza kwa bisibisi ya taa.

Yaliyobaki hupita upesi. Msasa wa gredi tatu, kisha vanishi kwa tabaka nyembamba, kila moja ikiachwa kukauka kwa siku nzima mbali na vumbi la barabara. Kidaraja cha juu huchongwa kwa mfupa wa mguu wa ng'ombe, uliochemshwa ukatoka mafuta, nao hauna bei katika duka la nyama. Shingo hufungwa kwa skrubu nne nene, ili siku moja iweze kufunguliwa pasipo kuvunja kitu.

Nyuzi zifungwe kwa zamu, si kukazwa mmoja hadi mwisho kisha mwingine. Siku ya kwanza gitaa likazwe nusu tu ya sauti yake, siku ya pili kamili, na siku ya tatu liachwe lilale. Ndipo rafiki aitwe. Alipige bila amplifaya kwanza, kwani gitaa zuri la umeme husikika zuri hata likiwa limenyamaza, na fundi atazame kama kifundo cha mkono kimenyooka na kama bega limelegea.

Hata hivyo asiyafungie mbali makopo yake. Katika miezi ya kwanza shingo ingali inajifunza kazi yake. Mvua za Aprili zikianza, nyuzi zitainuka juu kidogo na rafiki atalalamika kwamba vidole vinamwuma. Gitaa la dukani lingehitaji kutafutiwa fundi. Hili litavuka barabara tu kurudi kwake. Atafungua kifuniko kidogo kichwani mwa shingo, atakaza nati ya ufito kwa robo ya zungusho, asizidishe, kisha atalitundika ukutani mpaka kesho yake kabla ya kupima tena.